Dada wa kazi kafukuzwa, mishahara ya miezi mitatu haijalipwa: aanzie wapi?

MkaziTabata: Habari wakuu. Kuna binti mtaani kwetu, miaka 19, aliletwa kutoka Singida kufanya kazi za ndani. Hana mkataba wa maandishi. Bosi kazuia mshahara wa miezi mitatu kufidia televisheni iliyovunjika, na Jumamosi kamtoa nje na begi lake. Ana pa kudai?

Mtetezi: Anapo, na halipii ada. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, akajaze fomu F.1. Awahi! Kulalamikia kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Wanyonge wengi wanaumia hapa: bosi anawaambia "njoo mwisho wa mwezi" mpaka muda unakwisha. Mshahara wa mwezi wa mwanzo kati ya hiyo mitatu bosi anaweza kuupinga kwamba umepitwa na muda, kwa hiyo aambatanishe F.2 ya kuomba kuongezewa muda, aeleze sababu.

Nakala ya fomu impate bosi kwanza. Akigoma kusaini, itumwe kwa rejista ya posta, risiti itunzwe.

Kila dai liandikwe na kiasi chake: mishahara, malipo badala ya notisi ya siku 28 ambayo hakupewa, nauli yake na mizigo hadi Singida alikochukuliwa, na pesa ya kujikimu mpaka atakaposafirishwa. Hili la nauli karibu kila mtu hulisahau.

Kibarua_Huru: Kukosa mkataba kusimtishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aweke masharti ya kazi kwa maandishi. Asipoyaleta, mzigo wa kukanusha anachodai binti ni wake. Meseji za bosi na za miamala ya simu zisifutwe.

Kuhusu televisheni, hakatwi bila kukubali kwa maandishi, na akikubali makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa mshahara wa 80,000 ni 20,000 kwa mwezi. Kuzuia wote ni dhuluma.

MkaziTabata: Asanteni sana. Alifanya kazi miezi mitano tu.

Mtetezi: Basi dai la kuachishwa isivyo haki aliache, linahitaji miezi 6. Mishahara, notisi na nauli viko palepale. Na siku ya usuluhishi asikose: asipofika, shauri linaweza kufutwa, bosi asipofika, msuluhishi anaweza kuliamua bila yeye.