Nataka mtu asikie ziwa la mwaka 1871 akitembea Ujiji: nitumie njia gani kwenye simu?

BintiUjiji

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, wa kitaalamu na wa kiutu.

Niko Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na kazi yangu ni kurekodi sauti: kaswida, kwaya, matangazo, na hotuba za shughuli. Mnaopajua kwetu mnaijua ile kumbukumbu ya mmisionari Livingstone yenye miembe. Mgeni anaambiwa hapa ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mzee yule mwaka 1871, karibu na maji. Anageuka kutafuta maji, haoni. Ziwa liko mbali kule chini, na katikati kuna nyumba, viunga vya mihogo na njia ya bodaboda. Watoto wa shule nao wanauliza hivyohivyo: maji yalikwenda wapi?

Na jibu lipo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Zamani mlango ule ulikuwa umezibwa na matope na majani, ziwa likawa linajaa. Mnamo mwaka 1878 maji yakalipasua zibo, yakaanza kumwagika kuelekea mto Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Kwenye ardhi iliyolala kama ya Ujiji, kushuka huko kumeacha nchi kavu kubwa sana. Watu wamezaliwa, wameoa na kuzikwa mahali palipokuwa chini ya maji.

Ninachotaka ni hiki. Mtu aanze kutembea kutoka kwenye miembe akiwa na simu na spika sikioni. Akifika palipokuwa ufuko, mawimbi yaanze. Akizidi kuteremka, awe amezama: asikie mtumbwi unapita juu ya kichwa chake. Hiyo ya mtumbwi nimeshairekodi Kibirizi, ufukoni hapa Kigoma. Nilitia maiki ndogo ndani ya puto, nikafunga mdomo kwa uzi, nikaizamisha wakati mvuvi anapiga kasia. Kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, mlio unafika chini ukiwa mzito, halafu mapovu yanapanda. Ukiusikia ukiwa umefumba macho unashika pumzi.

Picha sitaki. Pokémon Go ilipotoka mwaka 2016 tuliona watu wanavyotembea macho yakiwa kwenye kioo. Mimi nataka mtu aitazame Ujiji na watu wake.

Nauliza: je, simu inaweza kujua mahali ilipo bila bando? Wenye vitochi niwafanyeje? Na huo mstari wa ufuko wa zamani nitaupataje kwa uhakika?

FundiMawimbi_Mwanza

Dada, wazo lako limenikosesha usingizi. Nianze na bando, maana hapa wengi wanachanganya. GPS haitumii bando kabisa. Simu inapokea ishara za setilaiti angani na kupiga hesabu yenyewe. Intaneti inasaidia tu isichukue muda mrefu kujitambua mara ya kwanza. Kwa hiyo mtu akishaweka programu na sauti zikiwa ndani ya simu, anatembea bila salio hata senti.

Kwenye uwanja wazi simu ya kawaida inakosea kama mita 5. Chini ya miembe yenye majani mazito inakosea zaidi, na nukta itakuwa inarukaruka. Usichore mstari mwembamba. Chora duara la mita 20, na sauti isikatike mpaka mtu atoke mita 30. Usipoacha hiyo nafasi katikati, mtu akisimama ukingoni mawimbi yatakuwa yanawaka na kuzima kila sekunde, na uchawi wote utakwisha.

Usitengeneze ukurasa wa wavuti kwa kazi hii. Kioo kikizima, kivinjari kinaacha kufuatilia mahali, na wewe unataka simu ikae mfukoni. Tengeneza programu ya Android inayoruhusiwa kuendelea kufanya kazi kioo kikiwa kimezima.

Ukubwa usikutishe. Maelezo ya mdomo ukiyabana kwa kilobiti 32 kwa sekunde, dakika moja ni kilobaiti 240 tu, yaani dakika 10 hazifiki hata megabaiti 3. Mawimbi na ile kasia ya chini ya maji usiyabane namna hiyo, utayaua. Wape watu programu na sauti kwa Bluetooth palepale kwenye miembe.

Kwa kitochi, weka faili moja ndefu kwenye memori kadi, wewe mwenyewe ukiwa ndiye kiongozi: "Teremka mpaka kwenye ukuta mweupe, simama." Haina GPS, ina sauti yako, na kwa maoni yangu huenda ikapendwa kuliko programu. Na spika iwe sikio moja tu. Bodaboda hazina masihara.

MwalimuIsevya

Habari zenu vijana. Nawaandikia nikiwa Tabora, nilifundisha jiografia miaka mingi. Binti, niongeze jambo litakalokupa kazi lakini litaipendezesha safari yako.

Usitafute mstari mmoja, maana ziwa halikutulia mahali pamoja. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliandika kwamba miti iliyokuwa sokoni alipokutana na Livingstone sasa ilikuwa imesimama ndani ya ziwa. Miaka mitano tu! Maana yake maji yalikuwa yanapanda wakati wote huo, mpaka Lukuga ilipofunguka. Kwa hiyo una ufuko wa 1871, una ufuko wa juu kabisa wa karibu na 1878, na una wa leo. Mtu anaweza kulipita ziwa lilelile mara mbili kabla hajafika kwenye maji ya kweli. Hapo kwenye ufuko wa juu kabisa ningeweka kelele za soko linalohama, watu wanabeba mizigo kurudi nyuma.

Kuhusu kupata usawa, usitumie vipimo vya urefu vya kwenye ramani za intaneti. Vile vya setilaiti vinaweza kukosea mita kadhaa, na wewe mambo yako yote yamo ndani ya mita kumi na kitu. Hata GPS ya simu ni dhaifu zaidi kwenye urefu kuliko kwenye mahali.

Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi ujenzi wanautumia kupata usawa wa msingi. Chukua vijiti viwili virefu ulivyotia alama za sentimita. Mmoja anakaa ukingoni mwa ziwa, mwingine anapanda mpaka mpira unapoishia. Maji yakitulia, mnasoma pande zote mbili na tofauti ndiyo mlichopanda. Mnaweka kigingi, mnahamia hatua nyingine. Angalieni mapovu ndani ya mpira, povu moja linatosha kuharibu asubuhi nzima. Gongeni mpira kwa vidole mpaka lipande litoke. Fanyeni alfajiri kabla upepo haujaamsha mawimbi. Nilikuwa nikiwafanyisha wanafunzi kazi hii na walikuwa wanaipenda kuliko kitabu chochote.

MamaDagaa

Shikamoo mwalimu. Mwanangu BintiUjiji, mimi ni mkazi wa huko chini unakotaka kuwapitisha wageni.

Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021 maji yaliingia mpaka ndani kwetu. Tulihamisha vichanja vya dagaa, kisha tukahamisha vitanda. Hata bandari ya Kigoma ilipata taabu. Nyie mnasema ufuko wa zamani, sisi tumeuona unarudi kwa miguu yake. Sasa mgeni asimame mlangoni kwangu ameziba sikio, anatabasamu, anasikiliza nyumba yangu ikizama? Sijakataa jambo lako. Nakuuliza umetuuliza nani.

BintiUjiji

Ushauri wote nimeupokea. Shikamoo mama, shikamoo mwalimu.

Mama, umenigusa. Njia nitaihamisha. Hakuna kituo kitakachokaa mlangoni kwa mtu wala kwenye kiunga chake, vyote vitakuwa kwenye barabara ya wote. Na kwenye ule mteremko ambao maji ya 2020 yalifika, sitaweka mawimbi. Nataka hapo zisikike sauti zenu, mkisema kwa midomo yenu mlibeba nini kwanza na mliacha nini, kwa Kiswahili au kwa Kiha, vyovyote mtakavyojisikia. Asiyetaka kusema, sitamrekodi. Na aliyesema akibadilisha mawazo baadaye, nafuta bila kuuliza sababu. Nitakuja kwako kwanza, bila maiki.

Mwalimu, mistari mitatu ya ufuko nimeikubali, tena inatatua jambo lililokuwa linanisumbua, kwamba katikati ya safari palikuwa patupu. Kelele za soko linalohama nitazirekodi Mwanga, hapa Kigoma, siku ya gulio, na nitakaa mbali na redio na honi.

Kaka wa Mwanza, nitaanza na ile faili ndefu ya memori kadi. Inaweza kusikika na bibi yangu mwenye kitochi wiki hii hii, na programu ya Android itafuata nikimpata wa kuijenga. Wewe una nafasi?

Fundi ujenzi yeyote wa Ujiji, Gungu au Katonga mwenye mpira wa maji usio na viraka, niandikie. Nauli na chai ya asubuhi ni juu yangu, tunaanza ukingoni pale mitumbwi inapoegeshwa, saa kumi na moja na nusu alfajiri.