MREJESHO: Kupokezana uongozi kwenye mradi wetu wa programu huria

Wakuu, mimi ndiye niliyelalamika kwamba kwenye mradi wetu kila kitu kinanisubiri mimi: kukagua msimbo, kutoa matoleo, hata kuamua ugomvi. Asanteni sana kwa michango.

Mfano mlionipa wa Debian, mradi mkubwa wa programu huria ambao wanachama wake huchagua kiongozi kila mwaka, ulinifungua macho, ila kwa watu sita kura ingekuwa mbwembwe tu. Tukachukua ushauri wa zamu: kila toleo lina msimamizi wake, na anayemaliza anabaki msaidizi wa anayempokea.

Zamu ya kwanza ilikwama siku mbili. Kumbe ufunguo wa kusaini toleo (faili la siri la kuthibitisha kwamba toleo ni letu kweli) ulikuwa kwenye kompyuta yangu peke yake! Toleo la pili limetoka nikiwa nimelala.

Zamu ya kuamua ugomvi imegoma. Hakuna anayeitaka, bado ninayo.