Naomba ushauri: bikizee wa Simbi Nyaima aongee lugha gani?

Habari zenu wanakikundi. Niko Kisumu, naandika filamu fupi kuhusu Simbi Nyaima, lile ziwa karibu na Kendu Bay. Hadithi mnaijua: bikizee anafukuzwa karamuni, mwanamke mmoja anamlisha, kisha mvua inazamisha kijiji.

Nilimwandikia Kiswahili, akawa kama mtangazaji wa redio. Nikageuza Dholuo, lugha ya Wajaluo; mwigizaji wangu, mzaliwa wa Nakuru, akatamka "oyawore" (habari ya asubuhi) kama jina la dawa ya mbu. Nimejaribu maandishi chini ya skrini, lakini mamangu, ambaye ndiye namlenga hasa, hayafuati.

Je, bikizee aongee Dholuo na wanakijiji wamjibu kwa Kiswahili, au nitafute mwigizaji mwingine? Na yule mwanamke aliyemlisha, kwenu mlisimuliwa alinusurika vipi?