Masta ya kompyuta injiniaringi nikiwa Mbeya, inalipa au niachane nayo?

Kijana wa Iyunga:
Wakuu habari za jioni. Nilimaliza kompyuta injiniaringi hapo MUST (chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya) na GPA, yani wastani wa alama, ya 3.6, sasa hivi nipo Mwanjelwa na jamaa mmoja tunafunga CCTV na netiweki za maofisini, hela inakuja ila kazi ni ileile kila siku, panda ngazi, vuta waya, krimpu (bana vichwa vya waya), shuka. Nawaza masta ili baadae nifundishe chuo. Mzee anasema soma mwanangu, mama watoto anasema hiyo ada tumalizie nyumba ya Uyole. Niende chuo kikuu cha Dar (UDSM), cha Dodoma (UDOM), Nelson Mandela Arusha au nje kabisa?

Mnyalu halisi:
Kaka hapo kwenye kufundisha simama kwanza. Matangazo mengi ya ualimu wa vyuo vikuu yanataka masta ya 4.0 NA digrii ya kwanza ya 3.8, yani hata ukitoka na masta ya 4.5 ile 3.6 ipo palepale haifutiki. Ingia Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, usome tangazo lenyewe kabla hujauza hata gunia moja la viazi. Halafu ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, umejisajili? Maana masta haikupi uinjinia kamili, usajili na mafunzo ya kazini vina njia yake.

Dada wa Kihesa:
Mnyalu umemkata maini kijana wa watu 😂 ila ni kweli. Mdogo wangu, kama unataka kubuni vitu na sio cheo cha ualimu basi Nelson Mandela wana masta ya embedidi na mobaili sistimu (kompyuta ndogo zinazowekwa ndani ya vifaa, na mifumo ya simu), hiyo ndo injinia wa kompyuta hasa, na pale hakuna digrii ya kwanza, ni masta na PhD tu. Kinachokula watu sio koswaki (masomo ya darasani), ni disateshini, ile tasnifu ya utafiti. Chuo nilichosoma sikitaji, ila kuna wenzangu koswaki walimaliza fresh halafu supavaiza (mwalimu msimamizi) akawa hajibu emaili, wakazeekea hapo. So tafuta supavaiza na mada KABLA ya kulipa ada. Na mada unayo tayari, hizo kamera: fanya kamera ichambue picha yenyewe palepale badala ya kurusha video yote kwenye seva, maana intaneti zetu unazijua.

Mzee wa Tunduma:
Mmesahau Kigali. Carnegie Mellon ya Marekani ina tawi pale, masta ya uhandisi wa umeme na kompyuta ipo, na Mastercard Foundation wanafadhili Waafrika. Ila nyoosha hesabu kwanza, probabiliti na linia aljebra (hesabu za uwezekano na za matriksi), GPA ya kukariri pale haikusaidii. Ukirudi peleka cheti TCU, tume ya vyuo vikuu, wakitambue.

Kijana wa Iyunga:
Ndaga fijo (asanteni sana) wakuu. Hiyo 3.8 imeniuma ila bora nimejua sahivi. ERB bado sijaenda. Dada, ya kamera nimekupata, nina Raspberry Pi, kikompyuta kidogo, imelala tu ghetto, wikiendi naiamsha. Mwenye noti za linia aljebra softi kopi aje inbox