Maandalizi ya mtihani wa mwisho yaanze lini: mapema, miaka miwili ya mwisho, au toka siku ya kwanza?

Chaki_Nyeupe (mwanzisha mada)

Wadau wa elimu, salaam. Kamati yetu ya taaluma imegawanyika makundi matatu na mimi ndiye niliyeangushiwa kazi ya kuandika mapendekezo. Naomba mnipige msasa kabla sijapeleka.

Kundi la kwanza linataka wanafunzi wachague masomo ya mtihani mwaka mmoja mapema kuliko ilivyo sasa, kozi ichukue miaka mitatu. Hoja yao ni kwamba silabasi ni ndefu na muda wa marudio huwa hautoshi. La pili linataka tubaki na miaka miwili. La tatu lina watu wachache ila wana sauti: wanasema maandalizi ni namna ya kufundisha, kwa hiyo hayana tarehe ya kuanza.

Nimejaribu kutazama wengine wanafanyaje. Tanzania kuna upimaji wa kidato cha pili, mwelekeo wa masomo unachaguliwa kidato cha tatu, mtihani kidato cha nne. Hiyo ni miaka miwili. Diploma ya IB, programu ya kimataifa ya kumalizia sekondari, nayo ni miwili. Uingereza, kwa mpangilio wa kawaida, mwaka wa 7 hadi wa 9 ni masomo mapana na mwaka wa 10 na 11 ni GCSE, mitihani ya taifa ya watoto wa miaka 16 hivi, ingawa shule nyingi huko zilijiongezea mwaka. Kenya kwenye mfumo mpya, sekondari ya juu ni mitatu, Grade 10 hadi 12, na mwanafunzi anaingia akiwa ameshachagua njia yake.

Naegemea miwili, ila hoja ya muda inanitatiza.

mwl_hesabu

Mimi ni kundi la kwanza na sioni aibu. Mkuu, wewe fundisha hesabu ndiyo utajua. Mwanafunzi anafika mwaka wa mtihani, sehemu zinamshinda, mabano ya aljebra yanamshinda, halafu nimfundishe trigonometria? Muhula wa mwisho wote unaliwa na mitihani ya utamilifu. Nipeni mwaka wa ziada, tusianze kulaumiana matokeo yakitoka.

Bi_Ratiba

Mwalimu, kwa heshima, hebu tuweke namba mezani, maana mimi ndiye ninayepanga vipindi.

Cambridge wanaposanifu silabasi za IGCSE, yaani GCSE ya kimataifa, huchukulia takriban saa 130 za kufundishwa kwa kila somo. Chukua vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki: dakika 160. Saa 130 ni dakika 7,800. Gawanya, unapata wiki 49 hivi. Shule yenye wiki 36 za masomo kwa mwaka ina wiki 72 kwa miaka miwili. Toa 12 za mitihani ya ndani na utamilifu, zinabaki 60. Bado una wiki 11 za marudio.

Sasa kwa nini kila mtu analia muda? Kwa sababu mwanafunzi ana masomo 11. Masomo 11 kwa vipindi vinne ni vipindi 44, na wiki ya vipindi vinane kwa siku ina 40 tu. Kwa hiyo baadhi ya masomo yananyofolewa kipindi, na mwalimu anakwenda kuomba Jumamosi. Ukishusha hadi masomo 9, unatumia vipindi 36 na vinne vinabaki kwa michezo na maktaba. Kabla hatujadai mwaka mzima, tungejadili wingi wa masomo. Lakini hilo hakuna mkuu wa idara anayetaka kulisikia, maana kila mmoja anajua somo la mwenzake ndilo la kupunguzwa.

mzazi_mkimya

Naongea kama mzazi. Binti yangu alichagua akiwa na miaka 13. Historia aliiacha kwa sababu hakuelewana na mwalimu wake. Mwaka uliofuata mwalimu yule alihamishwa, mtoto akataka kurudi, akaambiwa darasa limeshafika mbali. Sasa anataka kusoma sheria. Haijamfungia mlango, ila kila siku ananikumbusha. Miaka 13 mtoto anachagua rafiki zake, hachagui masomo.

Darubini

Nyongeza kwa habari ya Uingereza, maana watu huitaja bila kusema iliishaje.

GCSE mpya za alama 9 hadi 1 zilianza kutahiniwa mwaka 2017 kwa hesabu na Kiingereza, mengine yakafuata. Maudhui yaliongezeka na mtihani wa mwisho ukabeba uzito mkubwa zaidi kuliko kazi za darasani. Shule kule hupimwa hadharani kwa matokeo hayo, kwa hiyo nyingi zikafanya kile kinachoonekana cha akili: zikaanza GCSE mwaka wa 9. Tatizo ni kwamba mwaka wa 9 haukuwa mtupu. Ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho kwa watoto wengi kusoma muziki, sanaa, teknolojia ya ubunifu, na kwa wengine historia au jiografia. Yaani mwaka ulioongezwa kwenye mtihani ulitolewa mahali fulani.

Wakaguzi wao, Ofsted, walipoleta mfumo mpya wa ukaguzi mwaka 2019, wakaanza kuuliza zaidi kuhusu upana wa mtaala. Hawakupiga marufuku miaka mitatu. Walichotaka ni shule ioneshe kwamba mtoto hakunyimwa masomo mapana kwa sababu hiyo. Wakuu wengine wa shule walilalamika kwamba watoto wa familia maskini ndio wanaohitaji muda mrefu wa GCSE, na hoja hiyo si ya kutupa. Mtoto ambaye nyumbani hana vitabu, mwaka mmoja wa ziada unaweza kuwa ndio tofauti kati ya kufaulu na kufeli.

Lakini kwangu inakatika hapa: mtoto huyohuyo asiye na vitabu nyumbani ndiye asiyekuwa na mahali pengine pa kukutana na muziki au historia zaidi ya shuleni. Mwenzake mwenye uwezo atapelekwa kwingine.

mwl_hesabu

Darubini umenigusa hapo mwisho. Ila hesabu haiachwi na mtu yeyote, ni ya lazima. Kuanza mapema kwangu hakumnyimi mtoto chochote.

Darubini

Sawa kabisa. Basi hudai kozi ya miaka mitatu, unadai msingi ufundishwe vizuri miaka ya mwanzo. Sehemu na mabano ni kazi ya kidato cha kwanza na cha pili. Hakuna mtu amekukataza.

Fundi_Pepa

Mnabishana miaka na walimu wa fizikia hawatoshi. Endeleeni.

Nusu_Kalamu

Kundi la tatu tupo. Naomba nieleze, maana huwa tunaeleweka vibaya kwamba tunataka mtoto wa kidato cha kwanza aanze kukariri majibu.

Kusahau ndiko adui. Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alionesha mwaka 1885, akijipima mwenyewe, kwamba mtu husahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma makala tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana mtoto anayesoma usiku wa kuamkia mtihani huona ameiva.

Kwa vitendo ni jambo dogo. Kila kipindi kianze na maswali matano kwenye daftari, bila alama: mawili ya juzi, mawili ya mwezi uliopita, moja la mwaka jana. Dakika tano au sita. Jingine ni maneno ya maswali. Mwanafunzi afundishwe tangu mwaka wa kwanza kwamba "taja", "eleza", "linganisha" na "tathmini" yanadai majibu tofauti. Wengi hupoteza alama kwa kutaja walipoambiwa waeleze, na hilo halihitaji kozi ya mtihani.

Ninachokataa ni kuwapa wadogo pepa za miaka iliyopita. Mtoto asiyejua somo akipewa pepa hujifunza kubahatisha. Pepa ziingie mwaka wa mwisho, mada zikiwa zimekaa.

mzazi_mkimya

Nusu Kalamu, hayo maswali matano yangeanza jana. Sisi tunalipia tuisheni ili mtoto afanyiwe hivyohivyo.

Chaki_Nyeupe

Asanteni. Bi Ratiba umeniharibia hoja ya muda kabisa, na nafurahi.

Nitaandika hivi: uchaguzi wa masomo ubaki miaka miwili kabla ya mtihani. Masomo ya lazima yaruhusiwe kuingia kwenye maudhui ya mtihani pale darasa linapokuwa tayari, bila kusubiri tarehe. Maswali ya kumbukumbu yaanze kidato cha kwanza kwa masomo yote. Kupunguza masomo nitakuweka kama pendekezo la mjadala, najua kutapigwa.

Kimebaki kisa cha mzazi_mkimya. Aliyechagua vibaya anarudije? Nafikiria kuruhusu kubadili somo hadi mwisho wa muhula wa kwanza.

Bi_Ratiba

Muhula mzima ni mrefu mno, kwa vipindi vinne kwa wiki atakuwa amekosa zaidi ya vipindi arobaini. Wiki sita. Na inawezekana tu kama historia na somo analoliacha yako kwenye safu moja ya ratiba, vinginevyo anayehama somo moja anavuruga mengine mawili. Nitumie orodha ya chaguo za mwaka jana nione yapi hubadilishwa sana, hayo nitayapanga kwa wakati mmoja kwenye ratiba.