Kumbukumbu za marehemu baba kwa wajukuu wasiomjua: tuanze na picha, kaseti au wazee?

Kitindamimba
Wakuu, habari zenu. Mzee wetu ametangulia mbele ya haki, na wajukuu waliozaliwa baadaye wanamjua kwa jina tu. Vilivyopo: albamu ya zile kurasa za gundi zenye nailoni juu, kaseti tatu zenye sauti yake, na ndugu zake wawili, shangazi na ba'mdogo, ambao umri umekwenda. Kipi kitangulie, na watoto wapewe vipi bila kuwachosha?

MzeeWaFaili
Pole sana. Anza na hao wawili. Albamu inaweza kungoja mwaka mzima, wao huna hakika nao.

Usiulize "baba alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa mpole, mchapakazi, basi. Mpe picha mkononi: hapa ni wapi, nani kapiga, nani hayupo na kwa nini, mlikuwa mmetoka kufanya nini. Dakika 40 zinatosha. Kila mmoja ahojiwe peke yake kwanza, maana wakikaa pamoja mdogo humwachia mkubwa aseme, na yake hutayasikia tena. Rekodi kwa simu, ila iweke kwenye hali ya ndege (airplane mode), kwani mtu akipiga inaweza kukata kurekodi. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama nusu mita kutoka kwa msemaji. Kwenye meza tupu utanasa kila kikombe kinachotuliwa. Taja jina na tarehe, rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo mwendelee.

FundiKaseti
Kwenye kaseti hapo ndipo watu wanapoharibu. Kabla ya kuzicheza:

Vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi isifute. Safisha kichwa cha redio kaseti, kile kinachogusa utepe na kusoma sauti, kwa pamba na spiriti. Roli ya mpira ifute kwa maji yenye sabuni kidogo, spiriti hukausha mpira. Kisha jaribu na kaseti isiyo na thamani. Ikitafunwa, afadhali itafunwe hiyo.

Peleka utepe mbele hadi mwisho na urudishe, maana uliokaa miaka mingi hugandana. Kama ni ya dakika 120, kuwa mwangalifu zaidi: utepe wake ni mwembamba mno. Sauti ikiwa hafifu, angalia kile kisponji kidogo katikati ya mdomo wa kaseti, gundi yake huachia. Kaseti ya skrubu unaifungua na kuhamishia utepe kwenye ganda jingine. Sauti ikisikika kama mtu kajifunika blanketi, mara nyingi kichwa kimekaa upande. Kuna kiskrubu pembeni yake, kizungushe taratibu huku unasikiliza hadi herufi "s" zisikike kali.

Usiweke simu mbele ya spika! Waya utoke tundu la hedifoni uingie kwenye kompyuta. Programu ya kurekodia, Audacity, ni ya bure. Hifadhi kama WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya stirio ni karibu GB 1. MP3 ni nakala ya kugawia, siyo ya kutunza.

Bi_Albamu
Albamu za gundi: usivute picha kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na karatasi, kama unakata kwa msumeno. Ikigoma, iache, skani ukurasa mzima baada ya kufunua nailoni. Dpi (nukta kwa inchi) 600 kwa picha za kawaida. Zile ndogo za pasipoti, 1200. Nyuma andika kwa penseli laini, kamwe siyo kalamu ya wino, wino unaweza kutokea upande wa pili. Jina la faili lianze na mwaka: 1978_baba_na_ndugu_zake. Unajua muongo tu, siyo mwaka? Andika 197x, usibuni.

Na kwenye kundi la WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha, inabanwa na ubora unapotea.

MamaDarasa
Watoto: kitu kimoja, dakika tatu. Kipande cha sauti cha sekunde 30, mzee akicheka, kina nguvu kuliko hotuba nzima. Mpe mtoto nakala ya picha aishike mwenyewe, halafu nyamaza, subiri aulize. Na msimfanye mzee malaika. Kama aliwahi kupotea njia akakataa kuuliza, hilo mtoto atalikumbuka.

Kitindamimba
Asanteni mno. Na shangazi na ba'mdogo wakipishana kuhusu tukio lilelile?

MzeeWaFaili
Tunza maelezo yote mawili, kila moja na jina la msemaji. Usiunganishe. Mambo ya madeni na ugomvi wa ndoa yaweke folda yake, yasiende kwenye kundi mpaka wanaotajwa wakubali. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine. Usitegemee flashi peke yake, na kila mwaka fungua faili chache uhakikishe zinafunguka.