Picha 600 za HEIC, nazigeuzaje kuwa JPG bila kumaliza bando?

MtuWaKibirizi: Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga, nasafisha picha. Mteja kaleta flashi yenye picha kama 600 za wakamuaji wa mawese, zimepigwa kwa iPhone, zote zinaishia na .heic, muundo wa picha wa iPhone. Anataka zote ziwe JPG, nyingine zisafishwe (zichapwe) sentimita 10 kwa 15 zikiwa na nembo yao ya PNG pembeni. Kompyuta ni Windows 10. Nikibadilisha jina kuwa .jpg tu, itatosha? Tovuti za kugeuza nimeziona, ila kupandisha picha zote hizo ni bando gani?

Katubuka_IT: Jina halitoshi, mkuu. Hapo unabadilisha lebo ya chupa tu. JPG halisi huanza na baiti FF D8 FF na programu nyingi zinaangalia hizo, kwa hiyo utaambiwa faili limeharibika.

Pakua ImageMagick, programu ya kugeuza picha, mara moja, baada ya hapo hutahitaji intaneti. Nakili picha kutoka kwenye flashi uziweke kwenye folda moja, usifanyie kazi kwenye flashi yenyewe. Ndani ya folda hiyo tengeneza nyingine uiite jpg. Usipoitengeneza kwanza, amri itagoma. Kisha bofya sehemu ya anwani juu ya folda, andika cmd, bonyeza Enter, uandike:

magick mogrify -path jpg -format jpg -quality 92 *.heic

HEIC zako zinabaki salama. Ubora 92 unatosha kabisa. Ukiweka 100 faili linavimba na karatasi haitaonyesha tofauti.

Ujiji_Rangi: Amri ni sahihi ila ina mtego. iPhone hupiga kwa rangi za Display P3, ambazo ni pana kuliko sRGB, yaani mpangilio wa rangi wa kawaida. Mashine nyingi za kusafishia hazisomi taarifa ya rangi iliyo ndani ya faili, zinachukulia kila picha ni sRGB, na matokeo yake rangi zinapauka. Na kwa picha za mawese utaiona haraka, ule wekundu wa mafuta utatoka kama chai ya maziwa. Nenda C:\Windows\System32\spool\drivers\color, nakili faili la "sRGB Color Space Profile.icm", liweke kwenye folda ya picha, liite srgb.icm. Amri iwe hii, inageuza rangi kuwa sRGB:

magick mogrify -path jpg -format jpg -profile srgb.icm -quality 92 *.heic

Safisha moja kwanza ndipo uendelee na zilizobaki.

Mnyamwezi_Ipuli: Salamu toka Tabora. Nembo usiigeuze kuwa JPG. JPG haihifadhi uwazi, ile sehemu isiyo na rangi mara nyingi inageuka nyeusi. Iache PNG, iweke juu ya picha, halafu hifadhi kazi nzima kama JPG mara moja. Wakilazimisha nembo ya JPG:

magick nembo.png -background white -alpha remove nembo.jpg

Tena usifungue JPG, ukakata, ukahifadhi, kesho ukaifungua ukahifadhi tena. Kila ukihifadhi inapoteza kidogo, hasa kwenye kingo za maandishi. Marekebisho yote anzia kwenye HEIC.

MtuWaKibirizi: Shukrani wakuu. Kuna nyingine 20 alizituma WhatsApp, hizo zimekuja JPG tayari. Anataka mbili ziwe A4.

Ujiji_Rangi: Angalia vipimo kwanza. Picha ya WhatsApp ya kawaida mara nyingi huwa na pikseli 1600 upande mrefu. Kwa 10 kwa 15 itapita. A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 2480 kwa 3508, hivyo itatoka na ukungu, na kuigeuza kuwa PNG hakurudishi kilichopotea. Mwambie azitume upya kama dokumenti, siyo kama picha.

Katubuka_IT: Na kwa kazi zijazo, kwenye simu yake aende Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible. Picha mpya zitakuwa JPG, za zamani zitabaki HEIC. Zitakula nafasi zaidi, kwa hiyo kama simu yake ni ya GB 64 muulize kwanza.